Kula si Lazima

Mume wangu Feisal ameniahidi kunipeleka Sitalike kuona viboko tangu mwaka niliotoka Tabora kuja kuolewa Mpanda. Sitalike yenyewe si mbali. Ukiondoka na pikipiki baada ya chai, unafika jua halijawa kali. Wazungu wanapanda ndege kuja kuwatazama viboko hao, na mimi jirani yao nimewaona kwenye kalenda tu. Kila Jumapili Feisal alisema "leo twende," na kila Jumapili safari ilifia palepale, kwenye benchi la drafti mbele ya duka lake la vipuri vya baiskeli, sokoni Kashaulili.

Feisal ndiye bingwa wa benchi hilo. Akitokea mtu wa kujipima naye, hata kama nimeshajifunga mtandio na maandazi ya njiani nimebeba, atasema, "Mama Kauthar, nimle huyu mmoja tu, tuondoke." Anamla huyo, anakuja mwingine, jua linazama, maandazi tunayala nyumbani Nsemulwa. Banda langu la mitumba ya watoto linatazamana na duka lake, kwa hiyo mgongo wa mume wangu naujua kuliko uso wake. Nasema kama utani, lakini iliniuma.

Siku moja nikafungua belo jipya. Katikati ya vijinzi na midoli nikakuta ubao wa plastiki wenye miraba kama ya drafti, una vitufe pembeni na vitaa vidogo, na mfuko wa kete zenye vichwa vya ajabu. Nikatia betri, ukalia tirilili. Nikavuka barabara mbio kumwonyesha Feisal.

"Drafti gani hii ina farasi?" akasema, na benchi zima likacheka.

Rafiki yake Salvatori, fundi redio, ndiye aliyeijua. "Hiyo chesi, shemeji. Unacheza na mashine yenyewe, ina akili humo ndani. Umbane mfalme wake mpaka akose pa kukimbilia." Akarudisha macho kwenye drafti. Somo langu la chesi kutoka kwa binadamu likaishia hapo.

Mengine yote nilifundishwa na mashine. Karatasi ya maelezo haikuwepo, na malkia mmoja alikuwa amepotea, nikaweka kizibo cha soda mahali pake. Mchana wateja wakipungua naweka ubao juu ya rundo la masweta, nabonyeza kete, naipeleka ninakotaka; ikija zamu ya mashine, vitaa vinanionyesha kete ya kuisogezea. Nikikosea inalia tii tii, kwa dharau kabisa, mpaka niirudishe. Kwa kukataliwa hivyo nikajua kwamba farasi anaruka kwa kona, ngome inanyoosha moja kwa moja, na askari wadogo hawarudi nyuma. Nilikuwa naitukana, nayo inalia. Wapita njia walidhani nagombana na simu.

Kucheza nikajua. Kushinda, sikushinda hata mara moja. Mashine ilikuwa inaniwekea askari mdomoni, namla, kufumba na kufumbua malkia wangu hayupo. Inaniwekea mwingine, namla, mfalme wangu kabanwa, yenyewe inajipigia wimbo wa ushindi. Nikaamini inaniibia. Sasa ningefanyaje? Kwenye drafti yetu ukiona cha kula, unakula, upende usipende. Ukijifanya hujaona, benchi zima litakupigia kelele.

Mchana mmoja ikaniwekea askari kama kawaida yake. Mkono ulikuwa njiani kumla, mteja akauliza bei ya soksi, na katika kumjibu nikamsogeza askari mwingine wa pembeni kabisa. Nikakunja uso kusubiri tii tii. Kimya. Kitaa kikawaka, mashine ikaendelea na mchezo wake.

Nikamwacha mteja na soksi zake. Nikajaribu tena, safari hii makusudi: cha kula kipo, sili. Kimya! Kumbe huku kula si lazima. Siku zote zile nilikuwa nalishwa kama kuku wa sikukuu, nami nashukuru. Tangu hapo mashine ilianza kupata tabu, na siku niliyombana mfalme wake nilipiga vigelegele sokoni mchana kweupe.

Nikavuka barabara na ubao kwapani. "Baba Kauthar, chukua hii ujifunze, Jumapili tucheze. Nikikushinda, Jumapili inayofuata tunakwenda Sitalike. Ukinishinda, neno viboko hutalisikia tena kinywani mwangu."

"Hata mpaka tuzeeke?"

"Mpaka nife," nikasema, na sikuwa natania.

Feisal ana kichwa chepesi. Siku mbili tu, mienendo yote ya kete alikuwa nayo. Nikamwambia kwa haki kabisa, "Kumbuka, huku kula si lazima." Akajibu, "Najua, najua." Lakini Ijumaa alirudi nyumbani amenuna, anasema ile mashine inaiba. Hapo nikaenda kukaanga maandazi nikiimba.

Jumapili benchi lilijaa mpaka watu wakasimama barabarani. Feisal alianza vizuri, akanila askari, akanila farasi, na kila akila wanashangilia. Kete zangu zikapungua hadi nikaanza kuogopa kweli. Ila mfalme wake alikuwa amejikunyata mstari wa nyuma, amezibwa mbele na askari wake mwenyewe, na mlinzi aliyebaki naye ni ngome moja. Nikamchukua malkia wangu, yaani kile kizibo cha soda, nikamweka mbele ya ngome hiyo.

"Kajisahau shemeji!" Salvatori akaruka. "Kula!"

"Kula, ni lazima!" benchi zima likapokea. "Nyie, mwambieni ale!"

"Baba Kauthar, nilikwambia," nikasema taratibu.

Hakunisikia. Kete za drafti yetu ni vizibo vya soda, na vizibo mume wangu amekula tangu utoto wake. Ngome ikatoka, ikakila kizibo, na mimi nikateremsha ngome yangu mpaka mstari wa nyuma. Mfalme hana pa kwenda. Feisal alitazama ubao muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Ulinipa," akasema.

"Nilikupa. Hukulazimishwa."

Jumapili iliyofuata tulisimama Sitalike, ukingoni mwa mto. Viboko wamelaliana kwenye tope, wananuka, wanakoroma, mmoja akafungua domo nikamshika Feisal mkono kwa nguvu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Ndipo simu yake ikaita, na Salvatori hata salamu hakutoa.

"Feisal, kuna jamaa katoka Sumbawanga, kakalia nafasi yako, anatutukana! Njoo umle huyu!"

Nikaushika mfuko wa maandazi, sijaufungua bado. Feisal aliitazama pikipiki, akanitazama mimi.

"Nitakuja kesho," akasema, akaizima simu kabisa. Halafu akacheka kidogo. "Hao wananitegea askari nimle."

Akakaa kwenye jiwe, akanyoosha mkono apewe andazi. Nikampa, nikakaa mbele yake, na viboko nikawaacha kwanza, nikamtazama usoni.