Andika Tundu
...matobo, ameandika matobo, Danford katibu wa kwaya, na kalamu kaninyooshea, "Dada Gwantwa, weka sahihi tu hapa uwahi nyumbani," karatasi inasema nakiri kuwa na matobo matatu masikioni na nitavua hereni zote, nikikataa siimbi tena, na Jumapili ya mavuno ni keshokutwa, na sauti ya kwanza nani anaiongoza kama si mimi, haya, nisaini yaishe, hereni kitu gani jamani... lakini matobo? Tobo liko kwenye gunia lililotafunwa na panya, mimi sikio langu lina tundu, Mama ndiye aliyenitoga, kule kijijini kwetu Mbebe, sindano kaipitisha kwenye moto, kichwa changu kakibana katikati ya magoti, "tulia wewe mtundu, litakwenda upande," nikalia, akachomeka kijiti cha ufagio, kila asubuhi akawa anakizungusha kwa mafuta, maana tundu usipoliangalia linaziba... Mzee Anyelwisye, mwenyekiti wa kikao hiki cha kwaya, anakohoa, "Binti yangu, toboa tu yaliyo moyoni, ungama," eti nitoboe, mzee huyuhuyu aliyesimama mbele ya kanisa kumwombea mwanawe atoboe kimaisha huko Tunduma, tukaitikia amina wote, kumbe mwanawe akitoboa ni baraka, mimi nikitoboa ni dhambi, alaa! Na choo kipya cha kanisa wanakitangaza kila ibada, matundu manne, matundu, hawasemi matobo, na matofali yake nimeyabeba kwa kichwa hiki, yaani choo kinaitwa kwa heshima kuliko sikio langu, nimechukia, nimechukia kweli... na la tatu? La tatu nilitogwa saluni, mpakani pale Tunduma, Mama keshazikwa, hakuna wa kunishika kichwa, sikulia, nililitaka tu, ndiyo, nililitaka, sina sababu nyingine na sitatafuta... "Dada?" Danford huyo, kalamu bado iko hewani, nikivua yataziba, na ya Mama yataziba pamoja nalo, yakishaziba hakuna wa kuyazibua, basi waimbe wenyewe, Jumapili nitakaa benchi la nyuma na hereni zangu, nitaimba hukohuko nyuma, waje waninyamazishe waumini wakiona... "Dada Gwantwa, tunakusubiri," subirini, kalamu sipokei, kitambaa cha kichwa ndicho ninachokisogeza, taratibu, nyuma ya sikio, wayahesabu vizuri.