Siku Ishirini na Nane za Zege

Daktari wa mifupa alinieleza taratibu, mkononi ameshika kipande cheupe kinacholingana na kidole changu gumba. Kilikuwa na vitundu kama sifongo. Alisema kimechanganywa vitu viwili: unga wa madini yaleyale yaliyomo ndani ya mfupa, ili kiwe kigumu, na plastiki inayoyeyuka mwilini polepole, ili kisikatike kama chaki. Muundi wangu ulioza katikati, wakaondoa palipooza, na pengo lililobaki lilikuwa kubwa mno mfupa kujiziba wenyewe. Kipande kingekaa pale kama jukwaa la wajenzi, mfupa mpya uote ndani ya vile vitundu.

"Lakini usikanyagie mguu huo mpaka niseme," akaniambia. "Kikivunjika hiki, Mama, kitakachobaki ni kuukata."

Mwanangu wa kwanza, aliyekaa pembeni yangu, ni fundi mwashi. Nyumbani tunamwita Pimamaji, maana hata picha haitundikwi ukutani kabla hajaipima. Aliposikia habari za wajenzi, akili yake ilihamia kazini na haikurudi. Alimuuliza muuguzi kama mguu unatakiwa kumwagiwa maji asubuhi na jioni, kama zege linavyomwagiwa. Muuguzi alicheka mpaka akashika mlango.

Asubuhi ya siku ya ishirini na nane baada ya upasuaji, niliamka magongo yangu hayapo. Pimamaji alikuwa ameshayapakia kwenye gari lake la kazi, katikati ya ndoo na sururu. Akaniambia zege hukomaa siku ishirini na nane, na kwamba sasa mimi ninadeka tu.

"Simama, Mama. Mimi nakushika."

Namjua mwanangu; hana ubaya, ana haraka. Tena mguu wenyewe ulikuwa hauniumi hata kidogo, nao ulinishawishi kuliko yeye. Nikaketi palepale kitandani, nikamwambia sisimami. Akanuna, akaondoka na magongo yangu.

Saa nne haja ikanibana. Nikashuka sakafuni polepole, nikauweka mguu juu ya mto, nikajisogeza kwa viganja na makalio, nikiuvuta mto kila hatua. Kutoka kitandani hadi chooni ni vigae kumi na tisa. Wakati wa kurudi, nikiwa kwenye kigae cha kumi na moja, Pimamaji akaingia kuchukua mwiko aliousahau. Alinikuta jasho linanitiririka, viganja vimechubuka.

"Ukishamwaga zege la linta juu ya mlango," nikamuuliza, "miti ya kuegemeza unaitoa kwa kuhesabu siku tu, au unaiangalia kwanza?"

Alitoka, akarudi na magongo, ameyafuta vumbi.

Tukasubiri miezi mitano. Siku tuliyorudi hospitali, daktari aliweka picha ya eksirei kwenye taa: kipande chetu kilikuwa kimefifia, na mahali pake zimepita nyuzi nyeupe za mfupa, kutoka juu mpaka chini. Pimamaji akataka kujua zimebaki siku ngapi. Daktari akamjibu kwamba yeye hafuati siku, anafuata picha. Kisha akanigeukia, akaniruhusu nikanyage kwa nusu ya uzito wangu.

Pimamaji akapiga magoti sakafuni, jicho usawa wa muundi wangu, kama anavyoichungulia linta siku ya kutoa miti. Hakunigusa. Nikateremsha kisigino, halafu vidole.

Akauchungulia upande mmoja, akahamia wa pili.

"Linta haijacheza, Mama," akasema.