Ukoo wa Wadogo

Asubuhi huko Gando nuru haishuki, hupanda. Hutoka chini, kwenye tope la mikoko maji yanapokupwa, ikang'aa kijivu, ikang'aa kama fedha iliyofutwa kwa majivu, kisha ikaingia madirishani bila hodi na kutua juu ya vitu.

Ilitua juu ya meza ya Mwalimu Elineema. Ilitua juu ya karatasi, na juu ya wanyama wadogo kumi na mmoja waliochorwa kwa penseli, wenye shingo nyembamba na mikia mirefu, wakikimbia kutoka ukurasa hadi ukurasa kana kwamba mtu anawaita kutoka ng'ambo ya kitabu.

Aliyewachora alikuwa Happy, binti yake wa pekee. Happy alifariki miaka miwili iliyopita. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na mwili wa mtoto wa miaka kumi.

Selimundu, ugonjwa wa damu, ilimkalia tangu mbelekoni. Ilimla damu, ikamla nguvu, ikamla kimo. Wenzake wakarefuka, yeye akabaki. Wenzake wakabadilisha sare kila mwaka, yeye sare moja ilimtosha miaka mitatu. Wageni walimwinamia njiani, wakamshika shavu, wakamuuliza yuko darasa la ngapi la shule ya msingi, naye yuko kidato cha kwanza. Happy alisimama wima, akainua kidevu, akajibu jibu lake lile lile:

"Mimi si mtoto. Mimi ni mdogo tu."

Elineema alilipenda jibu hilo. Ndiye aliyemfundisha.

Alikuja kisiwani Pemba kutoka Upare miaka ishirini na miwili nyuma, akimfuata mumewe Abeli aliyepangiwa kazi katika ofisi za wilaya kule mjini Mkoani, kusini mwa kisiwa. Yeye akapata shule Gando, akafundisha sayansi, akazaa, akauguza, akazika. Abeli zamani alirudi nyumbani kila Ijumaa. Siku hizi alirudi mwisho wa mwezi, akala kimya, akalala kimya, akaondoka. Nyumba ilikuwa imebaki na mtu mmoja na kitabu kimoja.

Kitabu hicho alikiandika mwenyewe, cha wanafunzi wa darasa la sita, juu ya viumbe wa kale, kwa Kiswahili chepesi. Kina sura saba. Lakini kwa Elineema sura ilikuwa moja, ya nne, ile ya ukoo wa dinosaria wadogo walao nyama. Familia, kama wasemavyo wataalamu. Kwa sababu ile waliiandika wawili, yeye na Happy, siku za maumivu, mmoja akisimulia na mwingine akichora ili mkono uusahau mguu.

Na masimulizi yalikuwa hivi.

Walianza na mmoja. Ujerumani, zamani za babu wa babu zetu, wachonga mawe walipasua jiwe la chokaa wakamkuta ndani, amelala, shingo imepinda nyuma, mzima mzima, si mkubwa kuliko kuku. Dinosaria wote waliojulikana walikuwa majitu. Huyu alikuwa wa kupakata. Wakampa jina refu, Kompsognathasi, maana yake mwenye taya la madaha, na baadaye wakamjengea familia yake, apate pa kuitwa kwao.

Tumboni mwake mlikuwa na mifupa midogo zaidi. Bingwa mmoja akasema, huyu ni mama, na hiki ni kijusi chake. Miaka ikapita, bingwa mwingine akatazama vizuri: si kijusi, ni mjusi. Ni chakula cha mchana! Hapo Happy alicheka kila mara, hata siku ambazo kucheka kuliuma.

Kisha Ufaransa wakampata wa pili, mkubwa zaidi. Wakasema ana mikono kama mapezi, muogeleaji huyu, aina nyingine kabisa. Wakatazama tena: mapezi hayapo. Ni yule yule, ila huyu amekua, na wa kwanza alikuwa hajakua. Hapo Elineema alikuwa akipita haraka.

Alikimbilia China, kwa yule mwenye manyoya laini na mkia wa pete pete, rangi ya kutu na nyeupe. Akakimbilia wengine, mmoja mmoja, kila aliyefukuliwa na kuingizwa katika ukoo. Dunia ya majitu, nao humo humo, wepesi, wakali, wenye meno yao wenyewe na mawindo yao wenyewe.

"Si watoto," Happy alisema, penseli ikikwaruza. "Ni wadogo tu."

Wiki moja kabla kitabu hakijaingia mashineni kwa mchapishaji wa Chake Chake, Mwalimu Hafidh alipiga simu. Hafidh alifundisha Wete na ndiye aliyekuwa mhariri wa kitabu, mtu wa sauti ya chini na miwani mizito.

"Mwalimu Elineema, habari za asubuhi. Nimekutumia makala. Yahusu sura ya nne. Kaisome, tafadhali, kisha tuzungumze."

Akaisoma amesimama. Akaisoma tena ameketi.

Makala ilisema kwamba mtaalamu mmoja alikuwa ameupitia upya ukoo mzima, mfupa kwa mfupa. Vichwa vikubwa mno kwa miili yao. Macho makubwa mno kwa vichwa vyao. Mifupa ambayo haijamaliza kuungana. Na hoja yake ilikuwa kwamba huenda hapakuwa na ukoo wowote. Huenda wengi wa hao walikuwa watoto wa koo mbalimbali za majitu, watoto wasiofanana na wazazi wao bado, ila wakifanana wao kwa wao, kwa sababu utoto hufanana. Watu waliwakusanya, wakawapa jina moja, wakawahesabu watu wazima. Kumbe walikufa kabla hawajakua.

Nje jogoo wa jirani aliwika, saa nne hiyo, bila sababu.

Elineema akaifuta makala kwenye simu. Kisha akampigia Hafidh, akasema kwa sauti yake ya darasani, "Nimeisoma. Ujinga mtupu. Ni maoni ya mtu mmoja."

"Ni mmoja, kweli, na wapo wanaompinga," Hafidh alisema. "Lakini si ujinga. Tutie aya moja basi, watoto wajue mjadala upo."

"Hapana. Sura inakwenda ilivyo."

"Wewe ndiye mwandishi," Hafidh akasema, na sura ikaenda ilivyo.

Alikuwa hajapata kumdanganya mwanafunzi. Aliwahi kukosea, na alipokosea alirudi kesho yake akafuta ubao mbele yao. Sasa alisimama mbele ya darasa akifundisha mzunguko wa maji, mvuke, wingu, mvua, na kila sentensi ya kweli aliyoitamka ilimgeukia na kumtazama. Kwani kosa liko wapi? alijiuliza. Mtoto wangu alisema si watoto. Nimpinge mimi, naye hayupo kujibu?

Siku ya nne tangu simu ile, adhuhuri, Bi Mwanamize alimletea sahani ya muhogo wa nazi. Bi Mwanamize alikuwa jirani yake tangu siku ya kwanza, mjane aliyevuka umri wa makamo, Mpemba wa hapo hapo, mabega mapana ya mtu aliyebeba kuni na maji maisha yake yote. Siku ya maziko alitembea nao hadi Wete, penye makaburi ya Wakristo, akasimama nje ya ukuta na kanga mdomoni, mpaka nyimbo zikaisha.

Akaweka sahani mezani, akaziona picha.

"Mashaallah. Na watoto wano ni wa n'ni?"

"Si watoto!"

Elineema mwenyewe alishtuka. Alikuwa amepiga kelele. Bi Mwanamize hakurudi nyuma. Alivuta kigoda, akaketi.

"Mama Happy, n'na neno nimelikalia miaka miwili. Nilikatazwa kusema. Lakini aliyenkataza keshatangulia, na wewe waumia, nakuona."

"Neno gani, Bi Mwanamize?"

"Happy akitoka skuli akipita kwangu kwanza. Akivua viatu, akiweka mkoba, akinambia, 'Bibi, nibebe.' Nami nkimtia mgongoni, nkimfunga kanga, twende hadi kisimani turudi. Siku mguu ukimuuma twende mara mbili. Hata kidato cha tatu yuno, nambeba. Akilala mgongoni pangu akinyonya kidole. Kisha akishuka, akivaa viatu, akinambia, 'Usimwambie mama. Mama anajua mimi ni mkubwa.'"

Nuru ya adhuhuri ilikuwa imesimama mlangoni. Haikuingia.

Elineema alisikia hasira kwanza. Hasira kali ya kitoto, juu ya mgongo ule mpana, juu ya kanga ile, juu ya kila hatua kati ya nyumba ile na kisima. Wewe ulimbeba. Mimi sikumbeba tangu ana miaka tisa. Alitaka kusema, toka. Alitaka kusema, kwa nini hukuniambia akiwa hai, nikapata siku moja, siku moja tu, na mimi. Badala yake aliinua mikono akauziba uso, akalia kwa sauti ambayo siku ya maziko haikutoka. Bi Mwanamize hakumwambia nyamaza. Aliuweka mkono wake juu ya kisogo cha Elineema akauacha pale, mzito, mpaka muhogo ukapoa.

Jioni alimpigia Abeli. Akamweleza yote, la makala na la mgongoni.

"Alikuwa na uzito gani?" Abeli akauliza.

"Nini?"

"Mwaka ule wa mwisho. Mtu akimbeba. Alikuwa na uzito gani?"

Elineema alijua uzito wake kwa kilo, ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki. Mgongoni hakuujua.

"Sijui," akasema. "Nitamuuliza Bi Mwanamize."

"Muulize," Abeli akasema, na sauti yake ikavunjika. "Nakuja kesho. Sisubiri mwisho wa mwezi."

Kesho yake alfajiri, kabla Abeli hajafika, Elineema alikwenda Chake Chake. Chumba cha mchapishaji kilinuka wino na karatasi ya moto, na Hafidh alikuwa mle, anasoma sura ya kwanza mara ya mwisho. Alimwona akainuka.

"Nilikudanganya," Elineema alisema kabla ya salamu. "Niliisoma makala yote. Nilisema ni ujinga kwa sababu nilijua si ujinga."

Hafidh alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuuliza kwa nini. Picha zilikuwa mezani kati yao na alikuwa anajua nani aliyezichora.

"Sura ya nne haijaingia mashineni," alisema tu. "Kaa."

Wakakaa siku nzima. Elineema alipoandika, hakupita haraka popote. Aliandika jiwe la chokaa, aliandika mjusi tumboni, aliandika mapezi ambayo hayakuwepo. Aliandika kwamba wa kwanza yule, mwenye taya la madaha, hakuwa amemaliza kukua. Aliandika kwamba watu walijenga familia kwa nia njema, kwa macho waliyokuwa nayo, na kwamba leo wapo wasemao familia ile haikuwepo, na wapo wasemao ipo, na mifupa bado inasomwa. Akafika mwisho, akaandika: Hatujui bado. Kalamu ikasimama juu ya maneno hayo mawili kwa muda mrefu, kisha akayaacha yalivyo.

"Na picha?" Hafidh aliuliza. "Tuziondoe?"

"Zibaki zote."

"Tuandike nini chini yake?"

"Andika: Amechora Happy Abeli. Andika na umri wake. Miaka kumi na saba."

Vitabu vilifika Gando muhula uliofuata, kwenye maboksi mawili, na darasa la sita wakagawana, wawili kwa kimoja. Walisoma sura ya nne kwa zamu, kwa sauti, wakiyagugumiza majina. Walipofika mwisho, msichana mmoja wa dawati la nyuma, Ummkulthum, alinyoosha mkono.

"Mwalimu. Kama hawa walikuwa watoto, mama zao je, walikuwa wakubwa kiasi gani?"

Elineema alitazama kitabu. Picha zote kumi na moja hazikuwa na mama hata mmoja. Hakuna aliyewahi kumchora.

Yeye hakujua kuchora. Hakuwahi kujua. Lakini alichukua chaki, akaugeukia ubao, akaanzia kona ya chini na unyayo. Ulikuwa unyayo mbaya, wanafunzi wakacheka. Akapandisha mguu, kombo, mnene kama mnazi, wakacheka zaidi. Akachora paja, akachora ubavu, akachora mgongo, mrefu, mrefu, akatembea nao upande hadi upande, na vumbi la chaki likamshukia kwenye nywele na mabega, na kicheko nyuma yake kikapungua, kikapungua, kikaisha. Ubao ukafika mwisho na shingo ilikuwa bado haijaanza. Elineema akavuta kiti, akapanda juu yake, akaendelea kuchora ukutani.