Kitanda cha Kwaresima

Afisa Ghinea wa uhamiaji alipitiliza mpaka chumbani kwa Domnica, akafunua blanketi, akauinua mto na kuuliza mwingine uko wapi.

"Ni huo tu," Domnica alisema. Mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Na mumeo analaza kichwa wapi?"

"Jiko la nje. Ni Kwaresima, afande."

Ghinea akamtazama mwenzake, mwanamke mwenye kamera ambaye hakuwa amesema neno tangu waingie. Mwanamke akakipiga picha kitanda, kisha akatoka kwenda kulipiga picha godoro la jikoni. Mume mwenyewe, Tilak, aliamriwa asimame langoni, kwenye tope la theluji inayoyeyuka, asiongee na mtu.

Ndoa ilikuwa na miaka mitano sasa. Tilak, Mnepali aliyekuja Romania kupasua mbao kiwandani, alikuwa ameomba ukaazi wa kudumu, na Domnica ndiye mdhamini wake. Maafisa hawa wawili wakiridhika kwamba yeye na Domnica ni mke na mume kweli, basi, asingesumbuliwa tena na mtu. Wasiporidhika, angefungashwa virago.

Nyumba ilikuwa ya Veturia, mama yake Domnica, na kwa Veturia Kwaresima haikuwa mchezo: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai, na mume haruhusiwi kulala na mkewe mpaka Pasaka. Ndivyo alivyoishi yeye na marehemu mumewe. Tilak, ambaye hata kubatizwa hakubatizwa, kila mwaka alibeba godoro lake akaenda zake jikoni bila kununa. Aliyenuna ni Domnica. Lakini wangekwenda wapi? Kodi ya mjini ilikuwa haishikiki, na mwenye nyumba ndiye mwenye kauli.

Veturia aliwaandalia wageni maharage ya kupondwa na mkate wa moto. Kwa kuwa ni watu wa serikali, akawatolea na jibini aliyokuwa ameifungia kabatini.

"Jibini hapana, bibi," Ghinea akasema. "Nimefunga."

Uso wa mama mzee ukachanua. Tangu waingie alikuwa na hofu. Kijijini walisema Domnica ameingiza mgeni ndani kwa uchu, na Veturia alikuwa ameyameza maneno hayo kanisani, dukani, kisimani. Sasa serikali imekuja kuuliza, tena imemtuma mtu mwenye dini. Leo atasafisha jina la nyumba yake.

"Bibi, unaishi nao hapa. Umewahi kuwaona wamelala pamoja?"

Veturia akajinyoosha kwenye kiti. "Kwangu hapa? Hata siku moja."

"Mama," Domnica akasema.

"Nyamaza, nimeulizwa mimi. Hata siku moja, mwanangu. Sijawaona wakibusiana, hata kushikana mikono sijawaona. Wanaosema vingine ni waongo. Hii ni nyumba safi." Akaigeukia picha ya Mama wa Mungu ukutani, akapiga ishara ya msalaba mara tatu. "Naapa."

Ghinea akaandika taratibu, asikose hata neno. Veturia aliona anavyoandika, akaridhika, akaondoka kwenda tanurini kuwafungia wageni mkate wa njiani.

Domnica alingoja mlango ufungwe.

"Anaongelea adabu. Anadhani mmekuja kutafuta uzinzi. Unajua kabisa anamaanisha nini."

"Najua alichosema."

"Wewe mwenyewe umekataa jibini! Kwenu Kwaresima mnalalaje?"

"Ya kwangu usiyaguse. Sheria inauliza kitanda, haiulizi nani kafunga."

"Basi njoo baada ya Pasaka uone."

"Baada ya Pasaka atakuwa kwao." Ghinea akafunika kalamu. "Na wewe, wanaume wa hapa waliisha? Au jamaa alikupoza na pesa kidogo?"

Hasira ilimpanda Domnica. Alitaka kumrushia sahani ya maharage usoni. Lakini alijua kwamba hata sahani ingeandikwa, na angeumia Tilak, kwa hiyo akaishika meza kwa mikono miwili. Alimchukia yule mtu. Wakati ule alimchukia na mama yake.

Veturia akarudi na mkate kwenye kitambaa safi. Ghinea aliupokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa, akamtakia bibi mfungo mwema.

Walipopita langoni hawakumwambia Tilak kitu. Aliingia ndani akipangusa viatu, macho yakihama kutoka kwa mkewe kwenda kwa mama mkwe.

"Wamesemaje?"

"Nimekutetea, mwanangu," Veturia akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Nimeapa kabisa, mbele ya Mama wa Mungu. Wameandika kila neno. Sasa karatasi yako itatoka, na hawa majirani watatafuta mwingine wa kumsema."

Tilak akamtazama Domnica. Domnica alifungua mdomo kumwambia, machozi yakaanza kumtiririka. Tilak akaona ni ya furaha. Akapiga magoti sakafuni, akainama kama wanavyowaheshimu wazazi kwao, mpaka paji la uso wake likagusa miguu ya mama mzee.

Veturia, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfanyia hivyo, akacheka kwa haya, akamwekea mkono kichwani.