Bonde la Upande wa Ukutani

Fundi magodoro alifika shuleni na nyuzi za pamba bado kwenye nyusi, maana alipopigiwa simu aliacha kazi katikati akakimbia. Binti yake alikuwa amemng'ata mwenzake wa dawati. Wala si kung'atana kwa utani wa watoto. Meno yaliacha alama mkononi, na ilibidi watu wazima wawili wawaachanishe.

Binti huyo majirani walimwita Chiriku, na jina alilipata kihalali: akianza kusema, hata redio ilimpisha. Sasa alikuwa amejikunyata kwenye kona ya ofisi, macho mekundu, hasemi na mtu.

"Alikuwa amesinzia darasani," mwalimu alieleza. "Alikunja sweta lake akaweka kichwa. Mwenzake akalichomoa, akalikung'uta vumbi, akawa anamrudishia. Hakumkosea chochote. Ndipo akamrukia."

"Umesikia aibu hiyo?" fundi akamgeukia binti yake. Chiriku akatazama viatu vyake.

"Mzazi, sikukuita tumgombeze." Mwalimu alikuwa mama wa makamo, amewazoea watoto watundu kama mpishi alivyouzoea moshi. "Muhula uliopita aliondokewa na mama yake, lakini alikuja hapa akasoma, akacheza. Muhula huu ni mtu mwingine. Kalamu ikianguka analia, akiguswa anapiga. Hivi nyumbani analala?"

"Halali, mwalimu. Anagaagaa mpaka kunakucha. Nikimuuliza ananipa mgongo."

"Kumebadilika nini huko nyumbani?"

"Hakuna! Tena wakati wa likizo nimemtengenezea godoro upya, kwa mikono yangu hii. Mimi ndiye fundi magodoro, mwalimu. Mtaa mzima unalala kwa sababu yangu."

Alisema hivyo kwa fahari, maskini, na masikio yake mwenyewe hayakusikia alichosema. Mganga hajigangi.

Mwalimu akaomba Chiriku apumzike nyumbani wiki hiyo. "Lakini atafutiwe usingizi, popote ulipo," alisema wakati akiwasindikiza mlangoni. "Akimuumiza mtoto mwingine, mwalimu mkuu atamfukuza, na mimi sitakuwa na neno la kumtetea."

Njia nzima fundi alijiuliza usingizi wa mtoto umekwenda wapi, kwa sababu baada ya mazishi ulikuwapo, tena wa kushangaza. Mkewe aliugua muda mrefu, na miaka yote, mzima na mgonjwa, alilala upande wa ukutani. Pamba ya godoro ilikuwa imebonyea ikamfuata mwili: bega mahali pake, nyonga mahali pake, na kijishimo kidogo cha kiwiko. Jioni ya kuzikwa kwake Chiriku alipanda kitandani bila kuambiwa, akajikunja ndani ya bonde lile, akalala fofofo. Akafanya hivyo siku zote zilizofuata. Shangazi yake akanong'ona jikoni kwamba mtoto huyu hana uchungu na mama yake. Watu wengine ulimi wao ungefaa kufungiwa kabatini.

Lakini fundi alilitazama bonde lile kwa jicho la fundi. Katika kazi yake, bonde ni ugonjwa wa godoro, na dawa yake anaijua. Mkewe hakuweza kumponya, godoro aliliweza. Basi wakati wa likizo alilitoa uani, akafumua mshono, akaimwaga pamba yote juu ya turubai, akaichapa kwa fimbo mpaka vumbi likapaa. Akaichambua, akaianika, akairudisha, akashona kwa shazia, ile sindano nene ya magodoro. Godoro likajaa kama jipya. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na baba alidhani anatazama ufundi.

Kesho yake baada ya kuitwa shuleni, fundi alikwenda na Chiriku kazini, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia. Chiriku akakaa juu ya marobota ya pamba, kichwa kinamwanguka, anashtuka, kinaanguka tena. Kabla ya saa sita akaja kinyozi wa jirani, godoro begani.

"Fundi, niokoe," kinyozi akasema, akalibwaga chini. "Nikiingia kwenye hili bonde, mke wangu ananitafuta kwa tochi!"

Fundi akacheka, ingawa hakuwa na kicheko. Akachukua wembe, akapiga goti, akautafuta mshono wa pembeni. Uzi wa kwanza ulipokatika Chiriku aliruka kutoka kwenye marobota akajitupa juu ya godoro, mikono ameitandaza.

"Usifungue! Utamtoa!"

"Nitamtoa nani?"

"Aliyelala humu!"

"Binti yangu, mwenye kulala humo ni mimi," kinyozi akasema kwa upole. "Si unaniona nimesimama hapa?"

Chiriku hakumsikia. Alikuwa anamtazama baba yake.

"Mama alikuwa humo. Wewe ukamfungua, ukamtoa nje, ukamchapa kwa fimbo. Nilikuwa mlangoni. Nilikuona."

Wembe ukamponyoka fundi. Kinyozi akamwangalia mtoto, akamwangalia baba, kisha akalikunja godoro lake taratibu. "Nitarudi siku nyingine, ndugu yangu," akasema, akaondoka.

Fundi alibaki amepiga goti. Aliikumbuka fimbo, na jinsi siku ile alivyochapa kwa nguvu zote, hata akapiga mluzi. Uchungu uliompata hapo haukumpata hata makaburini, kwa sababu kule aliyemchukua mkewe hakuwa yeye.

"Twende nyumbani," akasema. "Tutalirudisha bonde."

Jua lilikuwa limejaa chumbani walipoingia. Fundi akavua viatu, akapanda kitandani, akajilaza upande wa ukutani.

"Hivi?"

"Magoti ukunje. Huu mkono uweke chini ya shavu." Chiriku alimpanga kwa makini, akirudi nyuma kutazama, akija tena kusogeza kiwiko. "Usitikisike."

Hakutikisika. Alijikaza, akijitia uzito kwenye bega na nyonga, mpaka mguu mmoja ukafa ganzi. Kisha akainuka polepole, na wote wawili wakainama kutazama. Alama ilikuwapo. Halafu pamba ikaanza kujiinua, kidogo kidogo, na kitambaa kikanyooka, na godoro likawa sawa kama meza. Alikuwa fundi hodari. Pamba aliyoichambua yeye haikubonyea kirahisi.

Chiriku akapapasa kwa kiganja. "Limepanda."

"Bonde halifanyiki siku moja, mwanangu."

"La mama lilichukua siku ngapi?"

Angeweza kumdanganya, lakini kuhusu magodoro hakuwahi kumdanganya mtu. "Si siku. Miaka. Lilianza kabla hujazaliwa."

Chiriku akafikiri. Tangu shule zifunguliwe hawakuwa wamezungumza maneno mengi hivyo, na baba alitamani sasa anyamaze.

"Na wewe ukilala hapo miaka yote hiyo, litakuwa la nani?"

"Litakuwa langu," akasema, machozi yakamtoka, akayaacha.

Mtoto akatikisa kichwa bila hasira. Akapanda kitandani akajilaza ukingoni kabisa, mahali pa mama yake akapaacha wazi. Baba akavuta mkeka, akakaa chini karibu naye, akamshika mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

"Ulimchapa sana, Baba," Chiriku akasema, akiitazama dari.

Walikaa hivyo mpaka jua likaondoka chumbani. Mkono wake mdogo ulibaki ndani ya mkono wa baba, na macho yake hakuyafumba.