Mtaro wa Tekla

Tekla aliteleza kwenye jabali lile lile lililomvunja nyonga mwaka juzi. Safari hii hakuanguka, aliwahi kushika kichaka, lakini debe lilimtoka kichwani, likagonga mwamba mara tatu likishuka, na maji aliyoyapandisha kwa saa nzima yakarudi mtoni yalikotoka. Akakaa chini. Akasonya. Kisha akashuka kulifuata debe, maana pipa la komoni nyumbani lilikuwa nusu, na pombe haikorogwi kwa mate.

Daktari alimwambia asibebe tena vitu vizito. Hakumwambia nani atambebea. Mumewe alikuwa kaburini huko Kilolo, na mtaa wao wa Majabali, nyumba zaidi ya hamsini juu ya kilima, haukuwa na bomba hata moja, ingawa tangi la mji mzima lilijengwa mgongoni mwao. Kila asubuhi waliliona. Usiku ukitulia walisikia maji yakishuka kwenda kwa wenzao.

Mwaka ule, sabini na nane, serikali ilikuwa imerudisha halmashauri za miji, na kiti cha mwenyekiti wa mji, ambacho watu walikiita umeya kwa kuwa ndivyo walivyosikia redioni, kilikuwa kinatafuta mtu. Ndugu Liberatus, aliyekitaka kiti hicho, alipanda Majabali Jumapili baada ya misa, na ubao aliouazima shuleni. Akaandika kwa chaki: MAJI. USAFI. BARABARA.

"Vanyalukolo, kamwene!" akawaamkia ndugu zake kwa Kihehe.

"Kamwene!"

"Haya ndiyo nitakayoanza nayo miezi mitatu ya mwanzo. Sasa semeni wenyewe, tuanze na lipi?"

Tekla akasimama, mkono kiunoni, maana ndivyo nyonga ilivyotaka.

"Mimi naomba maji. Huo usafi tutaufanya kwa nini, ndugu? Kwa vumbi?"

Watu wakacheka. Liberatus naye akacheka, akalipigia mstari neno MAJI mpaka chaki ikakatika. Alikuwa na kicheko kizuri yule bwana. Ndicho kilichowaponza.

Mkutano ulipovunjika alimfuata Tekla uani kwake.

"Mabomba yako Mbeya, mama. Yameshushwa na treni pale Iyunga, nimeyagusa kwa mkono wangu. Yanangoja mtaro tu. Watu wako wachimbe, mimi niyalete."

"Watu wa hapa hawachimbi kwa maneno matupu, ndugu."

"Kwani mimi si Mhehe?" Akalitazama pipa. "Ita mgowe."

"Kibali cha pombe sina. Mgambo wakija..."

"Mgambo wa nani? Hii huuzi, hii ni ya kazi ya umma. Na bomba la kwanza nitaliweka hapa, mlangoni pako." Akapiga kisigino ardhini kuonyesha mahali.

Alama ya kisigino ilibaki. Wiki nzima Tekla alifagia uwanja akiikwepa.

Mgowe una sheria yake, na haijaandikwa popote kwa sababu haijawahi kusahauliwa. Mwenye kazi anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, wanafanya kazi, wanakunywa, wanarudi makwao. Lakini kabla ya jembe la kwanza, kiongozi wa majembe hushika kata iliyojaa pombe na kuuliza kazi ni ya nani. Lazima mtu mmoja ajibu. Kazi isiyo na mwenyewe haiguswi, na aliyepika ndiye mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza kata ilishikwa na Yotamu, jirani aliyemzika mume wa Tekla kwa mikono yake na kwa urafiki ule akamwita Tekla shemeji, mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa.

"Kazi hii ni ya nani?"

Tekla akamtazama Liberatus. Alikuwa amesimama kando, mikono ya shati imekunjwa, anacheka.

"Jibu, mama!" akasema, akipiga makofi.

"Yangu," Tekla akajibu.

Walichimba Jumamosi tatu, tangu kwenye tangi hadi mlangoni kwake, mtaro wa kina cha kiuno, ukaikata barabara ya kilimani ambapo waliweka mbao za kupitia. Tekla aliteka maji ya pombe ile debe kwa debe, usiku alikanda nyonga kwa majani ya moto, na moyoni alikuwa na raha ambayo hakuwa nayo tangu ujanani. Alihesabu madebe yaliyobaki maishani mwake. Aliona ni machache.

Liberatus alishinda. Majabali walimpa kura zote.

Ndipo Tekla akakosa utulivu. Lori likibadili gia kule bondeni, alitoka nje. Likipita, alirudi ndani, akasahau alichokuwa akifanya. Alikwenda ofisini mara ya kwanza, akaambiwa mwenyekiti yuko kikaoni. Mara ya pili alimkuta anapanda gari.

"Mama, vita vimeanza, husikilizi redio? Malori yote yamekwenda Kagera. Unataka askari wetu waende kwa miguu ili wewe upate maji?"

"Hapana, mheshimiwa. Nisamehe."

Alipanda kilima akijichukia kwa neno lile. Nisamehe! Amsamehe nini?

Basi maji yakasubiri vita viishe. Lakini neno la pili ubaoni halikuhitaji lori. Usafi ulihitaji bwana afya mmoja na mgambo wawili. Walikuja Jumanne, wakalisukuma pipa likalala, na komoni ikatambaa uani hadi kwenye mtaro. Bwana afya akaifuata kwa macho.

"Na hili handaki? Wiki jana gari letu limezama humu, mbao zimevunjika. Nani kachimba?"

Katika mahakama ya mwanzo alisomewa makosa mawili: kupika pombe bila kibali, na kuchimbisha barabara ya mji bila ruhusa. Yotamu aliitwa kuwa shahidi. Aliapa, akasimama wima, kofia mkononi.

"Nani aliwaita kuchimba?" hakimu akauliza.

"Tekla."

"Pombe ilikuwa ya nani?"

"Ya Tekla."

"Nasikia huwa mnauliza kazi ni ya nani. Uliuliza?"

"Niliuliza."

"Akajibu nini?"

Yotamu aliigeuza kofia. Alimtazama shemeji yake, akaitazama Biblia.

"Alisema ni yake," akajibu, kwa sauti ndogo.

Tekla akainuka. "Mheshimiwa, ni Ndugu Liberatus aliyenituma!"

"Mwenyekiti hajashitakiwa hapa. Alikupa barua?"

"Hapana. Alipiga kisigino."

Mahakama nzima ikacheka. Hata mzee wa baraza aliyekuwa anasinzia aliamka, akamuuliza jirani yake kulikoni.

Hukumu haikuwa ndefu. Kwa kuwa mshitakiwa ni mjane na mgonjwa, hatafungwa. Ataufukia mtaro wote kwa mikono yake, chini ya ulinzi, kabla mvua hazijaanza.

Siku ya sita alikuwa amefika karibu na mlango wake. Yotamu alikuja na jembe begani, nyuma yake Rozalia, jirani wa nyumba ya pili, na wengine kumi hivi. Wakasimama ukingoni.

"Shemeji, tuingie?"

"Hukumu ni ya mtu mmoja," mgambo akasema. "Atakayeingia naye ataandikwa."

Yotamu alibaki amesimama, jembe begani. Hakuingia wala hakuondoka.

Bwana afya alifika adhuhuri. Akapanda juu ya udongo uliofukiwa pale barabarani, akapiga kisigino. Kikadidimia.

"Umelegea huu. Mwenyekiti atapita hapa Jumamosi kukagua barabara. Mwagia maji, ushikamane."

"Maji gani?" Tekla akauliza.

"Ya mtoni. Kwani nyinyi huwa mnateka wapi?"

Tekla alikung'uta mikono. Akachukua debe lake lililobonyea, akashuka. Walimwona akipita kwenye jabali kwa makalio, taratibu. Baadaye sana wakamwona akirudi, shingo imekaza, mguu mmoja unaburuzika. Rozalia alitaka kumpokea, mgambo akanyoosha fimbo.

Akalitua debe mwenyewe. Akaliinamisha, na kwa mara ya kwanza tangu uchimbwe, maji yakaingia katika mtaro wa Majabali. Ardhi iliyanywa yote, hata povu halikubaki.

Mgambo akachungulia, akaupima udongo kwa ncha ya fimbo.

"Bado," akasema. "Lete jingine."