Meza ya Svilena na Helikopta ya Rangel

Tangu mwisho wa Juni Svilena alikuwa akikatia vitambaa sakafuni, amepiga magoti kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea, kwa sababu juu ya meza yake ya kukatia ilikuwa imelala helikopta. Si ile ya kupanda watu, la. Ni ya kurushwa kwa rimoti, lakini ukubwa wake ulikuwa wa mbwa mzima, na bei yake iliishinda bei ya gari lililoileta nyumbani.

Mumewe, Rangel, fundi wa mabomba, aliiona mara ya kwanza nje ya mji, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kunyunyizia mashamba dawa. Mzee Blagoi, aliyekuwa na miaka ishirini katika mchezo huo, alimshauri kwa utaratibu: anza na ile ndogo inayokaa kiganjani, uivunje utakavyo, jifunze kwenye kompyuta, ambako kuanguka ni bure, miezi ikipita ndipo uje kwenye kubwa. Rangel aliitikia kila neno, kisha akaenda akanunua kubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari ile guu lililovunjika lilikuwa la helikopta. Iliinuka kimo cha paka, ikalala ubavu, ikajichapa chini. Mapanga yake ya juu yakavunjika, mkia ukapinda, na kigurudumu kimoja cha meno kikaruka majanini, hakijaonekana hadi leo.

Svilena alidhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Posta ikawa haiishi kuleta vifurushi. Mapanga mapya, mihimili, skrubu ndogo kama mbegu za ufuta. Zikaja na betri, ambazo zilitaka kuchajiwa ndani ya sanduku la chuma zisije zikawaka, na mtu akae azitazame kama maziwa yaliyo jikoni. Wa kuzitazama alikuwa Svilena, kwa kuwa yeye yuko nyumbani hafanyi kitu, yaani anashona tu. Alipokuwa akizitazama alikuwa akifungua ile kompyuta ambayo Rangel aliichezea siku mbili akaitupa, anarusha helikopta ya kwenye kioo, anaiangusha, anairusha tena.

Agosti ikaja kazi kubwa. Kikundi cha ngoma cha mji kilimwagiza magauni kumi na mawili ya jadi, ya sufu nyeusi, yenye marinda mapana. Sufu nzito haikatwi sakafuni. La kwanza lilitoka limekwenda upande, na mama kiongozi wa kikundi akalitazama hata bila futi, akasema anampa mpaka Jumatatu. Alete gauni lililonyooka, ama kazi yote iende kwa mshonaji wa mji wa pili.

Akamwomba Rangel meza. Rangel akamwambia haiwezekani, skrubu zimepangwa kwa mpango wake, ukigusa moja zote zimeharibika. Wakavutana mpaka Ijumaa jioni.

"Sikiliza," Rangel akasema. "Kesho naijaribu. Ikianguka, meza yako."

"Na isipoanguka?"

"Utanivumilia mpaka theluji."

Svilena akakubali. Alikuwa na uhakika wa kuanguka kwake kama alivyokuwa na uhakika kwamba kesho ni Jumamosi.

Asubuhi wakaenda uwanjani pamoja na mama yake Rangel, bibi Tsona, ambaye alipakata ndoo ya shaba yenye maji njia nzima. Mtu akianza jambo, maji humwagwa njiani mwake ili mambo yake yateremke kama maji, na bibi Tsona hakuwa mtu wa kuacha mwanawe aanze jambo njia ikiwa kavu. Walikubaliana atamwaga kabla helikopta haijawashwa. Lakini bibi alitaka na tawi la maua la kutia ndooni, na tawi likawa mbali, na wazee watatu wa pale uwanjani wakamsalimu mmoja mmoja. Rangel akachoka kungoja.

Mapanga yakaanza kuzunguka, nyasi zikalala. Helikopta ikapanda hadi kimo cha kiuno ikakaa, mkia umemwelekea Rangel, kama inavyotakiwa kwa mwanafunzi. Ikakaa hesabu ya kumi. Svilena, aliyesimama karibu na bega lake, alitazama akatambua: leo haianguki.

Hapo ndipo bibi Tsona akafika mbio kwa nyuma, akaona amechelewa, akamwaga ndoo yote kwa pamoja ili kufidia. Maji ya kisima yalimwingia Rangel viatuni na kupanda hadi magotini. Akaruka, kidole chake kwenye rimoti kikaruka naye, na helikopta ikageuka ikamtazama usoni.

Kila anayeanza anaiogopa hali hiyo. Ikikutazama, kulia kwako ni kushoto kwake. Rangel alisukuma huku, ikaenda kule. Akaongeza, ikazidi kulala. Svilena alijua kosa lake lilipo, kwani alikwisha kulifanya yeye mara mia kwenye kioo. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Kunyamaza pumzi mbili, na meza ingekuwa yake.

"Tia gogo, Rangel," akasema polepole sikioni mwake. "Inakoinamia, sukuma hukohuko. Kama ukuta unaoanguka. Tia gogo chini yake."

Kidole cha Rangel kikafuata neno. Helikopta ikanyanyuka ubavu, ikayumba, ikashuka kwa kishindo majanini, ikasimama kwa miguu yake.

"Imeanguka," Svilena akasema.

"Imetua," Rangel akasema.

Mzee Blagoi akainama akaikagua. Hakuna skrubu iliyolegea. Akahukumu kwamba imetua vibaya, lakini imetua. Bibi Tsona akasema ni maji. Wazee watatu waliokuwa mbali wakampigia Rangel makofi, naye akaanza kuwaeleza jinsi alivyoikamata.

Blagoi akamsogelea Svilena. "Binti, nimekusikia. Nani kakufundisha gogo?"

"Betri zinakula saa nzima kujaa, mzee. Ulitaka nitazame ukuta?"

Safari ya kurudi Svilena alijilaumu mwenyewe, mdomo wake uliomponza, kwa uchungu zaidi ya alivyomlaumu mumewe. Na hayo hayakutosha. Kutua kwa kwanza lazima kunywewe, na Rangel alikwisha waalika wote wanne nyumbani.

Meza ya jikoni inakaa watu watatu. Rangel akasimama katikati ya nyumba na chupa ya rakia, ile pombe kali ya matunda, mkononi, akatazama huku na huku, kisha akaiendea meza kubwa. Akaibeba helikopta kama mtoto akailaza kitandani. Zile skrubu zenye mpango wake akazikomba kwa kiganja, kubwa na ndogo pamoja, akazimimina katika kopo la pilipili. Meza isiyoguswa majira yote ya joto ikawa tupu kabla chupa haijafunguliwa.

Svilena alikuwa ametoka jikoni na sinia la nyanya na jibini. Akamkabidhi Mzee Blagoi lile sinia. Akaenda kabatini, akarudi na sufu nyeusi, akaitandaza mezani pembe hadi pembe.

"Mke wangu, wageni," Rangel akasema.

"Nawaona. Karibuni sana, jamani, kuleni mkiwa mmesimama. Siku hizi tunakula hivyo."

"Tulikubaliana. Ikianguka."

Svilena akaweka pini ya kwanza, kisha akamsogelea kama anayemtengenezea kola. "Tulikubaliana," akamnong'oneza. "Niondoke, basi, nikae nao niwasimulie gogo lilitoka wapi?"

Rangel akawatazama wale watatu, ambao walikuwa bado wanaonyeshana kwa mikono jinsi fundi wao alivyoikamata. Mzee Blagoi alikuwa amelikazia macho sinia lake kwa bidii kubwa.

"Kata," Rangel akasema. "Kata tu."

Naye akapanga glasi kwenye kizingiti cha dirisha, akazimiminia rakia hapo, huku mkasi wa Svilena ukianza kupita katika sufu, mstari mmoja, umenyooka.